Daktari Aliyeuliza Watu Wanakula Nini

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 1:29, Mithali 25:2, Danieli 1:8–16, Mithali 18:13, 1 Wakorintho 6:19, 20, 3 Yohana 2.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya walikitazama chakula cha mwanakijiji wa Afrika kwa huruma. Ugali wa wimbi, ndizi za kupika, viazi vitamu, maharage na mboga za majani vilihesabiwa kuwa chakula cha mtu asiyeweza kununua kingine. Mkate mweupe, sukari na nyama ya kila siku ndivyo vilivyoonekana kuwa dalili ya maendeleo.

Kisha akatokea daktari mmoja wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka 20. Aliporudi Uingereza alikuta wodi zimejaa magonjwa ambayo Kampala alikuwa ameyaona mara chache sana. Akajiuliza sababu. Swali hilo lilimrudisha kwenye sahani ya yule mwanakijiji aliyekuwa akihurumiwa.

Jina lake ni Denis Parsons Burkitt, aliyeishi kuanzia 1911 hadi 1993. Hakuwa Mwadventista. Alikuwa Mkristo Mprotestanti kutoka Ireland, mtu wa maombi, aliyeamini kwamba kazi ya daktari ni wito. Ulimwengu unamkumbuka kwa mambo mawili: saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, na fundisho lake kuhusu nyuzinyuzi za chakula, ambazo wataalamu wa lishe nchini Tanzania huziita pia makapimlo. Ni ile sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo tumbo haliwezi kuisaga, ikapita hadi kwenye utumbo mpana.

Juma hili tutayafuata maisha yake hatua kwa hatua. Tunapoyafuata, kila mmoja wetu ajiulize swali moja: chakula ambacho daktari huyu alijifunza thamani yake kutoka kwa bibi na babu zetu, je, bado kipo mezani petu?

JUMAPILI

Jicho Moja

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, mji mdogo wa kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na saa zake za mapumziko alizitumia kuwachunguza ndege. Aliwavalisha pete ndogo miguuni, akafuatilia kila mmoja anakaa wapi, kisha akachora ramani ya makazi yao. Mtoto aliyekua katika nyumba ile alijifunza mapema kwamba ukitaka kukijua kiumbe, anza kwa kuuliza kinaishi wapi.

Akiwa na umri wa miaka 11, watoto walirushiana mawe na jiwe moja likavunja miwani yake. Vipande vya kioo vikaingia katika jicho la kulia, na jicho hilo likapotea. Maisha yake yote yaliyobaki aliona kwa jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, akikusudia kuwa mhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi kidogo cha wanafunzi waliokutana kusoma Biblia na kuomba. Katika kikundi kile imani aliyoirithi nyumbani ikawa imani yake mwenyewe, naye akasadiki kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari. Akabadili masomo. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa ya daktari wa upasuaji huko Edinburgh. Baadaye alifanya kazi kwa miezi kadhaa katika meli iliyokwenda Mashariki ya Mbali, na safarini humo akaamua kwamba atakwenda kuhudumu mbali na kwao.

Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, akakataliwa. Daktari wa upasuaji mwenye jicho moja hakuonekana kufaa. Lakini vita vilikuwa vimeanza na jeshi lilihitaji madaktari, kwa hiyo mwaka 1941 jeshi likampokea. Likamleta Afrika Mashariki, pale pale alipokatazwa kuja, akatumika Kenya na Somalia. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mwenye jina kubwa mjini Nairobi. Mwaka 1943 Denis alimwoa Olive Rogers, muuguzi, ambaye angekuwa mwenzi wake kwa karibu miaka 50. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya serikali. Safari hii alikubaliwa, na mwaka 1946 akapangiwa Uganda.

Hatujui kwa nini Mungu huruhusu mlango ufungwe kisha ukafunguliwa kwa upande mwingine. Tunachokiona katika maisha haya ni kwamba mtu aliyekataliwa hakuacha kubisha hodi.

*Je, kuna upungufu katika mwili wako au historia yako ambao watu wameutumia kukuambia kwamba hufai kwa kazi ya Mungu? Uliupokeaje uamuzi wao?*

JUMATATU

Kutoka Lira hadi Mulago

Soma Mithali 25:2. Fungu hili linasema nini kuhusu heshima ya kulichunguza jambo lililofichika?

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa daktari wa watu wengi katika eneo kubwa. Wanaume wengi walimjia wakiwa na busha, naye akawafanyia upasuaji mmoja baada ya mwingine. Daktari mwenye kazi nyingi angeishia hapo. Burkitt aliwauliza pia wanatoka wapi, na alipoyaweka majibu yao kwenye ramani akagundua kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi upande wa mashariki wa wilaya na nadra upande wa magharibi. Desturi ya baba yake na ndege ilikuwa imeingia hospitalini.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama lile. Majuma machache baadaye, akiwa Hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike mwenye uvimbe ule ule. Alipompima akakuta vivimbe vingine tumboni. Aliporudi Mulago alichambua majalada ya zamani, akaona kwamba saratani za taya, tumbo na viungo vingine, ambazo watu walikuwa wakiziandika kama magonjwa mbalimbali, zilikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza.

Kumfanyia upasuaji mtoto wa namna hiyo hakukuponya. Uvimbe ulirudi, na mtoto akafa. Burkitt alianza kuwapa dawa za saratani zilizokuwa zikijaribiwa wakati ule. Baadhi ya watoto walipewa dozi chache tu, uvimbe ukayeyuka, wakapona na kurudi kwao. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani saratani kuponywa kwa dawa peke yake.

Angalia namna alivyofanya kazi. Alimtazama mgonjwa aliyekuwa mbele yake kwa makini, kisha akainua macho kuwatazama wengine na mahali walipoishi. Mara nyingi tunaombea ugonjwa wa mtu mmoja bila kuuliza kwa nini nyumba tano za mtaa ule ule zinaugua jambo hilo hilo.

*Ni ugonjwa gani unaorudiarudia katika familia yako au kanisa lako? Je, mmewahi kukaa pamoja na kuuliza chanzo chake?*

JUMANNE

Safari ya Maili 10,000

Burkitt alitaka kujua saratani ile inaanzia wapi na kuishia wapi. Hakuwa na fedha za utafiti mkubwa. Alichapisha karatasi za maswali zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Majibu yalionyesha ugonjwa umekaa katika ukanda wa katikati ya bara, lakini mpaka wa kusini haukuwa wazi.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250 na kuondoka Kampala. Kwa muda wa majuma kama kumi walipita Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia hadi Afrika Kusini, wakatembea maili zipatazo 10,000 na kuzuru zaidi ya hospitali 50. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza kama wenyeji wamewahi kuona ugonjwa kama huu, kisha wakaandika. Ilionekana kwamba ugonjwa hukoma penye baridi na penye ukame, yaani kule ambako malaria nayo hupungua. Leo inajulikana kwamba malaria ni mshirika katika kuleta saratani hiyo.

Mshirika wa pili alipatikana London. Mapema mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Burkitt akaanza kumpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliona ndani yake kirusi kisichojulikana. Kikawa kirusi cha kwanza kutambuliwa kuwa kinahusika na saratani ya binadamu.

Sasa Burkitt alikuwa mtu mashuhuri. Angeweza kuishi kwa sifa hiyo hadi uzeeni. Lakini safari ile ilikuwa imempatia kitu kingine kisichoonekana katika magazeti: mamia ya marafiki katika hospitali ndogo ndogo za Afrika, wauguzi na madaktari walioijua hali ya watu wao na waliokuwa tayari kujibu barua zake. Mwaka 1966 aliporudi na familia yake kuishi Uingereza, akifanya kazi chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba, aliondoka na anwani zao. Hakujua bado angeziuliza nini hospitali hizo.

*Burkitt alipata elimu yake kubwa kwa kuwauliza watu wa mahali padogo. Ni nani katika kanisa lako mwenye ujuzi wa mashamba, mboga na mapishi ya zamani, ambaye hakuna anayemuuliza kitu?*

JUMATANO

Kilichotupwa Kinuni

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alipendekeza jaribio la namna gani, nalo lilipimwa kwa kulinganisha nini na nini?

Mwaka 1967 Burkitt alikutana na daktari mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Peter Cleave. Wakati wa vita, mabaharia katika meli ya Cleave waliteseka kwa kufunga choo, kwa kuwa mboga na matunda vilikuwa haba. Cleave akaagiza magunia ya pumba za ngano, akawapa, wakapata nafuu. Tangu hapo alikuwa akifundisha kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na sukari na unga mweupe. Madaktari wengi walimpuuza na kumwona mtu wa jambo moja.

Burkitt alimsikiliza, kwa kuwa alichosikia kililingana na alichokiona. Katika miaka yake 20 nchini Uganda alikuwa amekutana mara chache sana na mawe ya nyongo, uvimbe wa kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, au vile vifuko vinavyojitokeza katika ukuta wa utumbo kwa watu wazima. Uingereza magonjwa hayo yalikuwa kazi ya kila siku. Akachukua zile anwani. Kila mwezi hospitali zaidi ya 100 za Afrika na Asia zilipata barua yake yenye maswali machache: mwezi huu mmeona wagonjwa wangapi wa hiki, wangapi wa kile, na watu wenu wanakula nini?

Cleave alikazia kile kilichoongezwa mezani. Burkitt, pamoja na rafiki yake wa Mulago, Hugh Trowell, walianza kukazia kile kilichoondolewa. Nafaka inapokobolewa, ganda na kiini hutupwa au hupewa mifugo. Unabaki unga mweupe, laini, wenye wanga mwingi. Kinachokwenda na pumba ni nyuzinyuzi, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B na madini.

Akishirikiana na Alexander Walker wa Johannesburg na Neil Painter wa London, alifanya jambo ambalo wanasayansi wengi wangeona aibu kulifanya. Walipima choo cha watu. Wahusika walimeza vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha watafiti wakahesabu vinatoka baada ya muda gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 400. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, kilichukua zaidi ya siku tatu, na choo kilikuwa karibu gramu 100.

Burkitt alilizungumzia jambo hili mbele ya maprofesa bila haya, akionyesha picha alizozipiga mwenyewe vijijini. Watu walicheka, kisha wakaanza kufikiri. Alipenda pia kuonyesha mchoro wa sinki linalofurika huku watu wakihangaika kukausha sakafu. Hakuna aliyekwenda kufunga bomba. Ndivyo alivyoiona tiba ya wakati wake: fedha nyingi za kukausha, mikono michache ya kufunga.

Danieli aliomba siku kumi, kisha nyuso za vijana wanne zilinganishwe na nyuso za wale waliokula meza ya mfalme. Biblia yetu ya Kiswahili inakitaja chakula chao kuwa mtama. Msimamizi alikubali ushahidi aliouona kwa macho. Mungu haoni haya kupimwa katika mambo ya kila siku.

*Ikiwa ndugu zako wasioamini wangelinganisha afya ya kanisa lako na afya ya mtaa unaolizunguka, wangeona tofauti gani?*

ALHAMISI

Alipopatia na Alipokosea

Soma Mithali 18:13. Kwa nini ni hatari kutoa jibu kabla ya kulisikia jambo lote?

Wazo kubwa huvuta mtu aliongeze ukubwa. Burkitt alitaja orodha ndefu ya magonjwa aliyodhani yanatokana na upungufu wa nyuzinyuzi, na si yote yaliyopata ushahidi wa kutosha. Wakosoaji wake walikumbusha kwamba wanakijiji wale walitofautiana na Waingereza kwa mambo mengi. Walitembea na kulima, hawakula mafuta na nyama nyingi, na wengi hawakufika umri ambao saratani ya utumbo huanza kuonekana. Tena katika hospitali zenye vifaa vichache, magonjwa mengine hayakugunduliwa.

Isitoshe, kijiji hakikuwa Edeni. Trowell mwenyewe alijulikana kwanza kwa kazi yake juu ya kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaoachishwa ziwa na kulishwa wanga bila protini ya kutosha. Mlo wa mihogo mitupu una nyuzinyuzi, lakini haumkuzi mtoto. Kinachosifiwa hapa ni mlo kamili wa mimea: nafaka pamoja na kunde, mboga pamoja na matunda. Umaskini wenyewe hausifiwi.

Hata hivyo msingi wa fundisho lake umesimama. Tafiti nyingi zilizofuata, zilizowahusisha watu wazima wa nchi mbalimbali, zimeonyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupata kwa uchache zaidi maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Sababu nayo imeeleweka vizuri zaidi. Burkitt alikazia mwendo wa haraka wa choo. Leo tunajua kwamba bakteria wema wa utumboni huzila nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazozilisha chembe za ukuta wa utumbo.

Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio moja. Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika walipewa mlo wa kijijini wa Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakapewa mlo wa Kimarekani wenye nyama na mafuta mengi, kila upande kwa majuma mawili. Katika muda huo mfupi, dalili za hatari ya saratani katika utumbo wa Wamarekani zilipungua, na katika utumbo wa Waafrika zikaongezeka. Waliobadilishana mlo walikaribia pia kubadilishana hatari.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Mwafrika hana utumbo wa pekee unaomlinda. Kilichowalinda watu wa Lira na Jinja kilikuwa mezani, na kikiondoka mezani ulinzi nao unaondoka. Katika miji yetu dona limeiachia nafasi sembe. Wimbi umekuwa uji wa wagonjwa na watoto. Matembele na kisamvu vinaonewa haya mgeni akija, na chipsi na soda vinaletwa kwa fahari. Magonjwa ambayo Burkitt aliyaona Mulago mara chache sasa yana kliniki zake.

*Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Ni chakula gani unakiacha kwa sababu ya hadhi, wala si kwa sababu kina ubaya?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Burkitt aliendelea kuhubiri habari ya chakula kisichokobolewa hadi uzeeni. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya Lasker nchini Marekani kwa kazi yake juu ya saratani. Mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu nyuzinyuzi kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, nacho kikatafsiriwa katika lugha kadhaa. Alisafiri nchi nyingi akitoa mihadhara, na kila alipopata nafasi alisema wazi kwamba imani yake katika Kristo ilitangulia sayansi yake. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa Bisley, kijiji cha magharibi mwa Uingereza.

Mlo wa kwanza aliopewa binadamu katika Mwanzo 1:29 ulikuwa wa mbegu na matunda. Burkitt hakuanza na fungu hilo. Alianza na mgonjwa, akafuata ramani, akaishia karibu na bustani. Sisi tulioanza na fungu hilo tuna deni kubwa zaidi, maana inawezekana kuujua ujumbe wa afya kwa mafungu yake yote huku sahani ya Sabato ikiwa na wali mweupe, mkate mweupe na soda. Kuacha nyama peke yake hakujazi sahani mboga.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kutoka katika chakula chenyewe. Kiasi hicho kinapatikana kwa vyakula vya sokoni kwetu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi. Pera moja la wastani lina karibu gramu 3. Ongeza ugali wa dona, mchicha au majani ya kunde, kiazi kitamu na kipande cha papai, nawe umefika. Tunda lenyewe ni bora kuliko juisi iliyochujwa, kwa kuwa kinachobaki kwenye chujio ndicho tunachokitafuta.

Anayebadili mlo abadili polepole, kwa majuma kadhaa, na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi naye atakata tamaa. Na jambo hili lisemwe wazi darasani: mtu anayeona damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa, aende hospitali apimwe. Asiambiwe kwamba ni bawasiri tu na asitibiwe kwa pumba na maombi peke yake. Saratani ya utumbo ikigunduliwa mapema hutibika. Burkitt aliyeisifu pumba alikuwa pia mtu wa chumba cha upasuaji, na aliheshimu vyote viwili.

Maswali ya Kujadili:

1. Burkitt alikataliwa kwa sababu ya jicho, na Cleave alipuuzwa kwa sababu alirudia jambo moja. Darasa lenu linawezaje kutofautisha mtu mwenye neno la kweli ambalo halijasikilizwa na mtu anayeeneza mafundisho ya afya yasiyo na msingi?

2. Washiriki wengi wa mijini husema mboga na matunda ni ghali. Pigeni hesabu pamoja: soda, mkate na maandazi ya familia moja kwa juma zima hugharimu kiasi gani? Fedha hizo zingenunua nini sokoni?

3. Pangeni mlo wa pamoja wa Sabato ijayo, wenye aina mbili za mboga za majani, aina moja ya kunde, nafaka isiyokobolewa na matunda ya msimu. Nani atapika? Nani miongoni mwa wazee atawafundisha vijana pishi lililosahaulika?

4. Someni 3 Yohana 2. Mtume anaiombea afya ya rafiki yake pamoja na ustawi wa roho yake. Kuna mtu gani katika darasa hili ambaye afya yake imekuwa ikimsumbua kimya kimya? Mwombeeni, kisha mmoja wenu ajitolee kumsindikiza kwa daktari juma hili.